Pango la Minara ya Simu katika Ardhi ya Wanachama na ya Vyama

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Nassa)



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo halikuwamo katika mafunzo yetu ya ushirika, lakini ambalo sasa linajitokeza katika daftari za vyama na katika mashauri ya wanachama. Nalo ni pango linalolipwa kwa mwenye ardhi ambaye shambani mwake, au kiwanjani mwa chama chake, umesimamishwa mnara wa simu.

Msafiri anayetoka Mwanza kwenda Musoma, apitapo Nyashimo, Nassa na Lamadi, haoni shida kuihesabu minara hiyo. Wala hapana mwanachama atakayesema haina faida. Mkulima wa pamba leo hupata habari za bei na za malipo yake kwa simu, na mwenye ng'ombe hutuma fedha za ada ya mtoto bila kuacha mifugo. Sikuja kuipinga minara. Nimekuja kuuliza mnara ulisimama kwa mapatano gani, na fedha yake inaingia mfuko wa nani.

Yafaa kwanza tujue mpangaji wetu ni nani. Wanachama wengi husema "mnara wa Voda" au "mnara wa Airtel", wakidhani kampuni iliyoandikwa kwenye vocha ndiyo mwenye mnara. Mara nyingi sivyo ilivyo. Mwaka 2013 Vodacom Tanzania iliiuzia kampuni ya Helios Towers minara 1,149 kwa dola za Marekani milioni 75, na kabla ya hapo Tigo ilikwisha kuhamishia minara yake kwa kampuni hiyo hiyo. Mwaka 2021 Airtel nayo ilikubaliana kuuza minara yake ipatayo 1,400 kwa ubia unaoongozwa na SBA Communications ya Marekani. Gawanyeni wenyewe dola milioni 75 kwa minara 1,149: ni zaidi ya dola 65,000 kwa kila mnara. Aliyenunua hakununua vyuma vitupu. Alinunua pia haki ya vyuma hivyo kubaki mahali vilipo, na haki hiyo imo katika mkataba aliotia sahihi mwenye shamba.

Biashara ya makampuni hayo ni kupangisha. Mnara mmoja huweza kubeba mitambo ya kampuni mbili, tatu au zaidi, na kila moja humlipa mwenye mnara. Lakini mwenye ardhi aliyepatana pango la mnara mmoja huendelea kupokea lile lile, hata wapangaji wa juu wakiongezeka. Kwa hiyo, katika mapatano mapya, mwanachama ana haki ya kuomba nyongeza kila anapoingia mpangaji mwingine. Huenda kampuni ikakataa. Hata hivyo jambo lisiloombwa halipewi jibu, na mimi sijaona mkataba hata mmoja wa huku ambao mwenye shamba alithubutu kuliomba.

Kwa nini hawaombi? Nadhani ni kwa sababu hupima kwa kipimo cha pamba. Eneo la mita 15 kwa mita 15 ni kama sehemu moja ya kumi na nane ya ekari. Mkulima avunaye kilo 360 kwa ekari, humo angepata kilo 20 tu kwa msimu mzima. Basi akitajiwa laki mbili kwa mwezi, huona mvua imemnyeshea kiangazi, akasaini pale pale juu ya boneti ya gari. Lakini kampuni haikufuata rutuba. Imefuata mwinuko, umbali kutoka mnara mwingine na wingi wa watu wanaopiga simu. Kipimo cha pamba hapo hakifai kabisa.

Tuchukue hiyo laki mbili iwe mfano. Kwa miaka 15 bila nyongeza, jumla yake ni shilingi milioni 36. Kama mkataba ungesema pango lipande asilimia 5 kila mwaka, jumla ingefika karibu milioni 52. Tofauti ya milioni 16 imo katika mstari mmoja wa maandishi. Aidha ikumbukwe kwamba mpangaji hukata asilimia 10 ya pango iwe kodi ya zuio na kuipeleka Mamlaka ya Mapato, kwa hiyo ya laki mbili zitapokelewa 180,000. Mpokeaji adai hati ya makato hayo kila mara, maana siku moja ataulizwa.

Lipo pia jambo la kuvunja mkataba. Mikataba niliyoisoma humruhusu mpangaji kuondoka kwa notisi ya miezi michache, lakini mwenye ardhi hana mlango wa kutokea mpaka muda wote uishe. Mwanachama aliyejenga nyumba kwa mkopo akitegemea pango la miaka kumi na mitano yumo hatarini bila kujua. Na mpangaji akiondoka, nani atachimbua zege la msingi? Kama mkataba haukusema, zege litabaki shambani, na jembe la ng'ombe halipiti hapo.

Mkataba wenyewe huja kwa Kiingereza, kurasa nyingi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu na ya mahakama. Mwenye shamba adai nakala ya Kiswahili, na akae nayo nyumbani siku kadhaa kabla ya kutia sahihi. Asitie sahihi peke yake. Mkewe ashirikishwe, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ardhi ya kijiji nayo ina taratibu zake chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999, kwa hiyo halmashauri ya kijiji ihusishwe mapema. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwa kuwa bila huo hautapokelewa mahakamani kuwa ushahidi mpaka ulipiwe.

Sasa nageukia vyama, na hapa ndipo penye uchungu.

Vyama vya msingi vya Usukumani vina viwanja vingi: maghala, vituo vya kununulia pamba, nyuga za mizani. Viwanja hivyo vilipatikana kwa nguvu za wazee wetu katika miaka ya 1950 na 1960, enzi za Victoria Federation. Mwezi Mei 1976 serikali ilivunja vyama, kazi zao zikapewa vijiji, na mali nyingi zikaangukia mikononi mwa vijiji. Sheria ya mwaka 1982 ilipourudisha ushirika, watu walirudi ghalani na kufungua mlango, lakini karatasi za kiwanja hazikufuata. Wakati huo haikuonekana hasara, kwa kuwa kiwanja chenyewe hakikuwa na mtu wa kukigombea. Mnara umekuja kumleta huyo mtu.

Katika chama kimoja nilichokikagua, nilikuta mnara umesimama hatua thelathini kutoka ghala la chama. Katika daftari la fedha halikuwamo pato lolote la pango. Nilipouliza, niliambiwa mkataba una jina la mtu mmoja ambaye aliwahi kuwa kiongozi wa chama, na kwamba yeye ndiye "aliyehangaika". Kijiji nacho kilidai kiwanja ni chake tangu 1976. Wanachama, ambao baba zao walifyatua matofali ya ghala hilo, hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Kampuni haikuwa na kosa kwa kumlipa aliyejitokeza na kusaini.

Ndugu Makatibu, mali ya chama haipangishwi na katibu, wala na mwenyekiti, wala na hao wawili wakiwa pamoja. Jambo hilo ni la Mkutano Mkuu, na uamuzi uandikwe katika muhtasari. Pango liingie katika akaunti ya chama iliyo benki, si katika simu ya mtu, hata kama mtu huyo ni mwaminifu. Lionekane katika makisio ya mwaka na katika mizania, ili COASCO wakija walikute. Mkipewa malipo ya miaka mingi kwa mkupuo, msiyaandike yote kuwa pato la mwaka mmoja, maana wanachama watadhani chama kimetajirika na kudai yagawanywe, na miaka inayofuata sanduku litakuwa tupu.

Wenye viwanja visivyo na hati waanze sasa. Watafuteni wazee waliokuwapo, pimeni mipaka mbele ya majirani na halmashauri ya kijiji, kisha ombeni hati kwa jina la chama. Pale penye mgogoro na kijiji, nileteeni maandishi niyafikishe kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa, Bariadi. Katika ukaguzi ujao nitaomba kila chama kinionyeshe orodha ya viwanja vyake, na nakala ya mkataba wa kila mnara uliomo.