Nani Aliulizwa Kabla ya Kesi?

Wasikilizaji, hukumu ya mwaka 2025 ya Mahakama Kuu ya Garissa mmeisikia. Matokeo ya sensa ya 2019 ya Mandera, Wajir na Garissa yamebatilishwa, na hapa Takaba, kaunti ya Mandera, watu wamepongezana. Sisi pia tumefurahi. Wasiwasi wetu ni kesi zitakazofuata kwa jina letu.

Ile ya sensa ilikuwa kesi ya umma kweli. Mandera ilitoka watu 1,025,756 mwaka 2009 ikaandikiwa 867,457 mwaka 2019, na hesabu ya watu ni moja ya vigezo vya kugawa fedha za kaunti. Mfugaji, mwalimu na mgonjwa wa hospitali wote walipunjwa pamoja.

Lakini kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kwa niaba ya umma, tena bila kulipa ada ya kufungua kesi. Mlango huo uliwekewa mnyonge. Aliyekosa tenda ya kisima naye anaweza kuupitia. Anajiita mtetezi wa wananchi, anapata amri ya muda, kazi inasimama. Kisha anaelewana na mshindi wa tenda na kesi inaondolewa. Wananchi aliowataja, nani aliwauliza?

Hatuulizwi kabla ya mradi. Hatuulizwi kabla ya kesi. Hatuulizwi kesi inapoondolewa. Tumelisema hili na tutalisema tena: hatuulizwi!

Wapo watakaotaka mlango ufungwe kabisa. Hapana. Ukifungwa, wa kwanza kubaki nje ni sisi. Zaidi ya watu 1,100 waliobomolewa nyumba Medina, Garissa, mwishoni mwa 2010, wangekimbilia wapi? Ni korti iliyoamuru mwaka 2011 kila mmoja alipwe shilingi 200,000.

Kanuni za mwaka 2013 zinampa jaji uwezo wa kuendelea na kesi ya katiba hata mlalamishi akitaka kuiondoa. Waheshimiwa majaji, itumieni nguvu hiyo! Mkiletewa ombi la kuondoa kesi ya umma, waiteni kwanza wazee, akina mama na vijana waliotajwa humo.

Nanyi wasikilizaji, mkisikia kesi imefunguliwa kwa jina lenu, mwendeeni aliyeifungua. Muulizeni anataka nini na nani anamlipa wakili. Akikataa kuwajibu, mwandikieni msajili wa mahakama kwamba hamkumtuma.