Kura ya gavana: sisi tunachagua nani kweli?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana, Kindu

 

Tuanze na swali moja. Nani hapa alishapiga kura ya gavana wa Maniema? Musitafute mkono juu, hakuna. Tarehe 20 Desemba 2023 tulipiga mustari juani. Tulichagua rais, wabunge wa taifa, wabunge wa jimbo na, kwa mara ya kwanza, washauri wa komini. Gavana hakuwamo. Katiba yetu, kifungu cha 198, inasema gavana na makamu wake wanachaguliwa na wabunge wa jimbo, kisha rais anawasimika. Maseneta nao wanachaguliwa na wabunge haohao.

Njo maana barabara ikikatika tunamlilia gavana, lakini yeye akitafuta kura haji kwetu. Anajua mlango wa kubisha: watu wachache, chumba kimoja.

Hatusemi mbunge wa hapa alikula pesa. Hatuna ushahidi, na maneno bila ushahidi ni uchongezi. Lakini munakumbuka Machi 2019: malalamiko ya kununua kura za maseneta yalizidi nchini, mpaka Rais Tshisekedi akasimamisha kuingia kwao kazini, na uchaguzi wa magavana ukasogezwa. Baadaye maseneta waliingia tu.

Tuangalie wengine. Kenya, tangu 2013, kila mpiga kura anapewa karatasi sita siku moja, na moja ni ya gavana wa kaunti yake. Kaunti ziko 47. Kule pia wagombea wanagawa pesa, tusidanganyane. Ila kununua kaunti nzima ni kazi ngumu kuliko kununua chumba kimoja. Tanzania bara, mkuu wa mkoa anateuliwa na rais, raia hapigi kura kabisa. Sisi tuko katikati.

Sasa, kuchagua kupitia wabunge si wizi wenyewe. Ujerumani, kiongozi wa jimbo anachaguliwa na bunge la jimbo, kama kwetu. Lakini raia, mbele ya kupiga kura, anajua chama hiki kikishinda kitamweka nani. Huku kwetu tunampa mbunge kura yetu, anaingia nayo ndani, hatujui anaifanyia nini. Ugonjwa wetu ni hilo giza.

Wengine watasema: basi tubadilishe Katiba, tuchague gavana wenyewe. Sisi pia tunatamani siku hiyo. Lakini tufungue macho. Oktoba 2024, Kisangani, rais alitangaza tume ya kufikiri juu ya Katiba mpya. Kifungu cha 220 kinakataza kugusa hesabu na urefu wa mihula ya rais. Mvuvi wa mto huu anajua: ndoano haiingii majini bila chambo. Kura ya gavana isiwe chambo chetu. Hatutauza kifungu cha 220 ili kununua cha 198.

Kuna mambo matatu tunaweza kufanya bila kugusa hata nukta ya Katiba.

Moja: uchaguzi ujao, kila anayetaka ubunge wa jimbo atuambie mbele ya watu, na aweke sahihi, chama chake kitamuunga mkono nani kuwa gavana. Akikataa, arudi na fulana zake.

Mbili: akisha kupiga kura ya gavana, arudi kwenye komini atueleze sababu.

Tatu: tukumbuke kwamba bunge la jimbo linaweza kuangusha serikali ya jimbo kwa kura ya kukosa imani. Gavana akilala, tusiishie kumtukana yeye kwenye simu. Tumuulize mbunge aliyemweka.

Atajibu: kura ni siri. Siri ya raia inamlinda raia asiogope mkubwa. Lakini mbunge alipiga kwa niaba yetu, na aliyetumwa anarudisha jibu kwa aliyemtuma.

Wandugu, wengi wetu tuko na diploma za université kwenye begi na kazi hatuna. Kadi ya uchaguzi tunaitumia kununua laini ya simu na kupita kwenye vizuizi, kisha tunaisahau miaka mitano. Muda tuko nao. Tuutumie.

Kazi ya wiki hii: kila mmoja atafute jina la mbunge wa jimbo aliyechaguliwa hapa Kindu, na mahali anapopokea watu. Twende kwa heshima, wawili wawili, bila matusi na bila mawe. Tumuulize: 2024 ulimchagua nani kuwa gavana, na kwa nini? Akijibu, tuandike jibu. Akikataa, tuandike kwamba amekataa, pamoja na tarehe. Siku ya kampeni tutayasoma yote mbele yake.