Kujifunza Kazi ya Kukanda kwa Mafuta ya Vuguvugu

Leo nasema nawe mama, na wewe unayemlea mzee au mgonjwa nyumbani, hasa ikiwa wewe mwenyewe au binti yako anafikiria kujifunza kazi ya kukanda watu kwa mafuta ya vuguvugu. Ni ule ukandaji wa Kihindi, wa tiba ya Ayurveda, unaoitwa abhyanga.

Hapa Eldoret kazi ya kukanda si ngeni. Wanariadha wanaofanya mazoezi Iten na Kaptagat hukandwa misuli mara kwa mara, na wako watu wanaopata riziki kwa kazi hiyo. Lakini mwanariadha hukandwa kwa nguvu, mahali panapokaza. Abhyanga huenda polepole, mwili mzima, tangu utosini hadi nyayoni, na mafuta huwa mengi.

Tuanze na hayo mafuta, maana hapo ndipo mwanafunzi anapoweza kumuumiza mtu siku ya kwanza. Kule India hutumia sana mafuta ya simsim, na upande wa Kerala hutumia pia ya nazi. Sisi tuko juu, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya baridi utayakuta mafuta ya nazi yameganda kwenye chupa. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ya simsim hayana shida hiyo.

Usiyaweke mafuta juu ya moto. Chemsha maji, epua sufuria, kisha tia bakuli la mafuta ndani yake. Maji yakichemka unayaona. Hapa kwetu huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Mafuta hupita kiwango hicho yakiwa yametulia kimya, nawe ukadhani bado. Pima tone moja kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko chako kabla hujamgusa mtu. Mwenye kisukari cha miaka mingi huenda miguu yake haihisi joto, kwa hiyo usimuulize yeye kama mafuta ni moto, jipime wewe. Na tafadhali mama, usiingize jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha ili mteja asione baridi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na hiyo huua watu usingizini.

Mikono yenyewe hufundishika. Kwenye mfupa mrefu, kama wa paja au mkono, unapitisha kiganja kwa mikupuo mirefu. Kwenye kiungo, kama goti au bega, unazungusha. Tumboni unafuata njia ya mshale wa saa, kwa sababu utumbo mpana ndivyo unavyopita. Mtu hufunikwa kwa shuka au leso, ukawacha wazi sehemu unayoikanda tu. Akimaliza hupumzika, kisha huoga maji ya moto. Wengine hupangusa mafuta kwa unga wa dengu. Binti mwenye bidii atayashika hayo kwa wiki kadhaa.

Kinachochukua muda ni kumjua mtu wa kurudisha. Vitabu vya kale vya Ayurveda vyenyewe vinakataza kumkanda mwenye homa iliyoanza karibuni, au ambaye chakula hakijasagika tumboni. Tiba ya hospitali inaongeza mengine, na moja nataka ulishike sana.

Tuseme amekuja mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita. Anasema, "Dada, nikande huu mguu, umekuwa mzito." Unamtazama: mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, muundi wa nyuma unauma ukiguswa, una joto, pengine umebadilika rangi. Mwanafunzi mwenye huruma atamimina mafuta na kuanza kusugua. Asithubutu! Huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, jambo linalowapata zaidi wanawake wajawazito na waliojifungua karibuni. Ukisugua, lile donge laweza kung'oka, likasafiri na mkondo wa damu na kuziba mapafu, na mama akafa mbele yako. Mguu huo haukandwi. Mama apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, iwe Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa mjini au iliyo karibu nawe. Akianza kukosa pumzi au kifua kikimchoma, ni dharura.

Mjamzito naye akija amevimba uso na mikono, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu, usimkande ukidhani ni uchovu. Hiyo yaweza kuwa presha ya mimba, na inaweza kutokea hata baada ya kujifungua. Kuhusu tumbo la mimba, najua wako akina nyanya wanaolikanda ili kumgeuza mtoto, na wanaheshimika. Lakini kuminya tumbo kwa nguvu kunaweza kulibandua kondo la nyuma kabla ya wakati, na damu ikatoka ndani pasipo kuonekana. Mkandaji aliyefunzwa huacha tumbo hilo.

Kwa hiyo ukienda kuuliza shule, usianze na ada. Uliza ni saa ngapi mwanafunzi atamkanda mtu halisi mwalimu akitazama. Uliza kama wanafundisha mifupa, misuli na mishipa ya damu. Uliza cheti ni cha nani. Humu nchini iko mitihani ya ufundi inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, na ni vizuri kujua kama shule inakutayarisha kwa mtihani huo au inakupa karatasi yake yenyewe tu. Daktari wa Ayurveda kule India husoma miaka mitano na nusu. Wakandaji hufanya kazi chini ya maagizo yake. Cheti cha majuma mawili hakikufanyi daktari, hata kikiwa na muhuri mkubwa.

Hapo ndipo penye hila ya biashara. Ukishajulikana, watakuletea unga na vidonge uwauzie wateja. Kataa. Mwaka 2004 watafiti mjini Boston, Marekani, walipima dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani huko, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na wa aliye tumboni pia.

Na binti akiahidiwa kazi ya masaji Ghuba, kabla hajatoa pasipoti yake, wakala atafutwe kwanza katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Neno masaji lina wanaolitumia vibaya, nawe unajua.

Wengi mtataka kuniuliza juu ya kumpaka na kumkanda mtoto mchanga. Hilo lina mambo yake, tutalizungumza kipindi kijacho.