Njia ya msafara na haki ya mwenye baiskeli



Jumapili iliyopita alfajiri, wakazi 12 wa Kitete, nami nikiwemo, tulikutana na baiskeli zetu jirani na Hospitali ya Mkoa. Hayakuwa mashindano, na mgeni rasmi hakuwepo. Tulitaka kujua jambo moja tu: je, mtu aweza kutoka Kitete hadi Kwihara bila kuikanyaga barabara kuu?

Tulipita vichochoroni, tukakata majaruba ya mpunga, tukaibukia kwenye miembe. Huko hakuna honi. Watu hukuamkia "Mwangaluka", nawe unapata nafasi ya kuitikia. Kwihara tulipumzika penye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ambalo sasa ni makumbusho.

Ndugu zangu, ile njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, iliyopitisha pembe za ndovu na, kwa aibu kubwa, watumwa, haikuwa barabara pana. Ilikuwa njia ya mguu. Wapagazi wa Kinyamwezi walifuatana mmoja nyuma ya mwenzake. Biashara ya nchi nzima ilipita kwenye upana wa mtu mmoja na mzigo wake, hadi reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Upana huo huo unaitosha baiskeli.

Na baiskeli hapa kwetu si mchezo. Ndiyo inayobeba madumu ya maji, gunia la mkaa, mwanafunzi, hata mgonjwa kwenye keria. Lami ni neema, hatuipingi. Lakini basi likija kwa kasi, mwenye baiskeli hana pa kwenda ila mtaroni.

Mahali pamoja safari yetu ilikwama. Njia ilikuwa imezibwa kwa ukuta mpya wa matofali. Mzee mmoja katika kundi letu aliushika ukuta ule, akaniambia: "Mwanangu, hapa ndipo nilipopita usiku na marehemu mke wangu kwenye keria, nikimwahisha Kitete kujifungua. Leo ningepita wapi?"

Sikuwa na jibu. Tulizunguka hadi barabara kuu, magari yakatupita karibu kugusa viwiko vyetu.

Aliyejenga pengine hana kosa. Aliuziwa kiwanja, na kama kwenye ramani hapakuchorwa njia, angejuaje? Basi ombi letu kwa wapimaji na madiwani ni dogo. Hatuombi lami. Kabla ya kugawa viwanja, waulizeni wazee watu wanapita wapi, kisha mwache mita 2 za udongo na kuziwekea bikoni. Nasi wananchi tuache kusogeza uzio usiku.

Mke wa mzee yule alijifungua salama. Mtoto aliyezaliwa usiku ule alikuwa mmoja wa wale 12.