Mtoto Acheze, Mguu Uende

  Fuateni maneno haya kwa kidole huku mkisikiliza.

Leo tutazungumza juu ya mtoto ambaye miguu yake haimtii. Tuseme anakaa Nyakatuntu, katika nyumba iliyo kati ya migomba. Ana miaka saba. Ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo wake ulidhurika alipokuwa tumboni, au alipozaliwa, au alipokuwa mchanga. Si uchawi, wala si laana. Mtaalamu wa viungo alimfundisha mama yake mazoezi ya kila siku. Siku ya kwanza mtoto alikubali. Siku ya kumi alilia. Sasa mama amechoka, na mazoezi yameachwa. Je, afanye nini?

Kabla ya kujibu, twende mbali kidogo, hata Uswisi, nchi ya Ulaya. Huko ndiko ulikobuniwa mtambo uitwao Lokomat. Mtambo huu ni roboti, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta. Mtoto hufungwa mikanda, akaning'inizwa kidogo ili uzito wake usimlemee. Chini ya nyayo zake upo mkanda mpana unaokwenda. Vyuma vyenye mota hufungwa miguuni, navyo humsogeza hatua kwa hatua.

Lakini fikirini. Ikiwa mashine inamtembeza, mtoto aweza kulegea tu, kama mkungu wa ndizi juu ya baiskeli. Mkungu husafiri, lakini haujifunzi njia. Mtoto hujifunza akijitahidi mwenyewe.

Kwa hiyo wataalamu waliweka mbele yake kioo chenye picha za uwanja wa mpira. Nguvu anayoitia mtoto miguuni ndiyo inayoongoza mchezo. Mwaka 2010 wataalamu wa Zurich walitoa taarifa ya kazi hiyo. Waliwapima watoto 18: wagonjwa 10 na wazima 8. Watoto walitembea ndani ya mtambo bila kuhimizwa. Tena wakihimizwa na mtaalamu kwa maneno. Tena wakicheza mchezo wa picha. Tena kwa mchezo na maneno pamoja. Ilionekana kwamba walijitahidi zaidi walipocheza kuliko walipotembea tu. Lakini walijitahidi zaidi pia walipohimizwa na sauti ya mtu.

Hapo ndipo penye faida yetu. Mtambo ule ni wa bei kubwa mno. Lakini sauti ya mtu tunayo, na mchezo tunao.

Basi, ewe mama, geuza zoezi liwe mchezo. Baba afunge mpira wa majani makavu ya mgomba. Mshike mtoto vizuri, naye aupige kwa mguu ule mzito. Ndugu zake wahesabu mabao kwa sauti kubwa. Kama anajifunza kusimama, asimame mbele ya meza, ahamishe buni moja moja kutoka kapu hili hadi lile. Leo kumi, kesho kumi na mbili. Msifuni kwa kila hatua, wala msimcheke.

Angalieni sana mambo matatu. Kwanza, mchezo hauondoi mtindio wa ubongo. Humsaidia mtoto kupenda mazoezi. Pili, msivute mguu kwa nguvu, akiumia, acheni. Tatu, mwulizeni mtaalamu wa viungo hospitalini ni mchezo gani unaofaa, kwa maana watoto hawafanani.

Sasa jibuni maswali haya katika madaftari yenu:

1. Kwa nini haitoshi mashine kumtembeza mtoto?
2. Watoto wa Zurich walijitahidi zaidi wakati gani?
3. Andika mchezo mmoja unaoweza kumfaa mtoto wa jirani yako.

Aliyemaliza amsaidie mwenzake. Na jioni ya leo, ukipita nyumba yenye mtoto wa namna hii, ingia, ukamhesabie mabao. Kwaherini.