Harufu Isiyofaa Kupuuzwa

Asubuhi ya tarehe 12 Machi 2014, majumba mawili katika mtaa wa East Harlem, mjini New York, yaliporomoka kwa mripuko wa gesi, wakafariki watu 8. Na la kuhuzunisha zaidi ni kuwa baadhi ya wakazi waliinusa harufu tangu jana yake, wasitoe taarifa. Gesi hiyo asili yake hainuki. Hutiwa dawa ya kunuka makusudi, ili pua itahadhari mapema. Basi wewe msikilizaji ukaaye nyumba kongwe, ukishuku kiungo cha bomba au mtungi, kipake povu la sabuni, wala usikikaribie kwa kibiriti: vikifura vipovu, funga vali, fungua madirisha, usiguse swichi, utoke, kisha umwite fundi stadi, kwani mpira uliochakaa hubadilishwa, haufungwi kitambaa.