Taa Ilitangulia Ufagio

Somo letu ni Injili ya Luka, mlango wa 15, aya ya 8 hadi ya 10.

Kando ya njia zetu nyingi huota kichaka kifupi chenye maua madogo ya manjano. Wengi hukiita mfagio tu, kwa kuwa kazi yake ni hiyo. Hukubali kuota hata mahali palipokanyagwa na watu na ng'ombe, na mzizi wake hushika sana. Jaribu kuking'oa kwa mkono mmoja, utajua. Akina mama hukata matawi, huyaanika majani yapukutike, kisha huyafunga kwa kamba au kwa gome lake lenyewe, ambalo halikatiki upesi. Huo ndio ufagio wa uani.

Luka hataji ufagio wa yule mama ulikuwa wa mti gani. Anataja fedha iliyopotea. Biblia yetu husema shilingi; kwa Kigiriki ni drakma, kama ujira wa kibarua wa siku moja. Basi mama huyo aliwasha taa kwanza, ndipo akafagia.

Afagiaye akitafuta hana haraka. Hunyunyiza maji vumbi lisipande, na hutazama taka kabla ya kuzitupa. Lakini afagiaye ili wageni wasione uchafu husukuma vyote nje, na shilingi humo humo.

Hapo somo linatugusa. Msichana wa kwaya akipata mimba, mara nyingi huondolewa kwaya na kuzuiwa Meza ya Bwana, na kijana aliyempa mimba huendelea kupiga ngoma. Mlevi hutajwa barazani mara tatu, asitembelewe hata mara moja. Twasema tunasafisha nyumba ya Mungu. Ni kweli, nyumba ifagiwe. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya dhambi bila kuficha. Ila mama yule alikuwa amehesabu fedha zake, akaona ni tisa.

Je, sisi tumehesabu? Daftari la washirika limo ofisini, na lina majina yaliyopita miaka bila mtu kubisha hodi mlangoni kwao. Wazee wa kanisa na akina mama wanaweza kulifungua leo jioni.

Na tuombe. Ee Bwana, tukumbushe jina la mmoja aliyetoka kwetu, utupe na miguu ya kumwendea kabla ya Jumapili. Amina.